Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Wazee: Bao Lililofungiwa Kabatini Halinoi Akili

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ustawi wa wazee, afya na miji,
Unguja na Pemba.

YAH: MICHEZO YA KUNOA AKILI ZA WAZEE WETU

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mtuwie radhi kwa kuyaleta haya hadharani. Tulianza kwa sheha, tukapanda wilayani, tukaandika, tukajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Tukaandika tena na jawabu likawa lile lile, ila mara hii lilikuwa na muhuri. Basi leo tunasema mbele ya watu, kwa adabu ile ile tuliyoanza nayo.

Tunaoandika ni wacheza bao, maseremala wanaochonga mabao na waangalizi wanaoshinda na wazee kutwa. Hatuombi hisani. Zanzibar ilishaonesha njia mwaka 2016, pale Pensheni Jamii ilipoanza kulipwa kwa kila mzee aliyefika miaka 70 bila kuulizwa alikuwa na kazi gani. Ikaja na Sheria ya Mambo ya Wazee ya 2020. Tumbo la mzee limefikiriwa, na tunashukuru. Kichwa chake bado.

Si kwamba hakuna kilichonunuliwa. Vifaa vya michezo vya vituo vya wazee vimenunuliwa, vimepokelewa kwa saini, vikapigwa picha, vikatiwa kufuli. Mchezo umeshikwa kama samani ya ofisi. Hoja zetu ni hizi.

1. Mabao yaliyoletwa hayachezeki

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mengi ya mabao yaliyofika vituoni ni yale ya kukunja yanayouzwa kwa watalii, yenye safu mbili za mashimo sita sita. Huo nao ni mchezo, na una wenyewe, lakini si huu. Kumwekea mzee wa Makunduchi aliyenamua, yaani aliyetia kete za mkononi ubaoni moja moja, tangu ujana ni sawa na kumkabidhi nahodha usukani wa baiskeli.

Machache yaliyokuja na safu nne yamechongwa na mtu asiyecheza. Nyumba, lile shimo la pembe nne, ni la tano kuhesabu kutoka mkono wa kushoto wa mchezaji, safu ya mbele. Kwa kuwa wachezaji wameelekeana, nyumba mbili hazitazamani sawia. Zinapishana kwa shimo moja. Katika mabao haya zinatazamana. Mgeni haoni kosa. Mchezaji analiona kabla hajakaa, kwa sababu ufunguzi wote unasimama juu ya shimo hilo: kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 zilizobaki zinakaa mkononi kwa ajili ya kunamua. Nyumba ikihama, kila hesabu aliyoibeba mzee kichwani kwa miaka hamsini inahama nayo.

Vipimo vinavyofaa kwa mkono wa mzee tunavitoa hapa bure. Shimo liwe na upana wa sentimita 7 na kina cha sentimita 3, na ukuta baina ya shimo na shimo usipungue sentimita 1. Ukiongeza vishimo vya pembeni vya kuwekea kete, ubao unafika urefu wa kama sentimita 80 na upana wa 35. Shimo la sentimita 4 ni la mapambo ya ukutani. Nyumba ikishanona kete kumi na tano, zinafurika na kumwagika, na mzee badala ya kufikiri anainama kutafuta kete chini ya kiti. Mbao iwe ya mfenesi au mwembe, iliyokauka barabara, maana mbichi hupasuka kaskazi ikikaza. Na mwembe upakwe dawa ya wadudu kabla ya kuchongwa na baada yake.

Kete ziwe komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe. Gololi hukimbia, na shanga ni ndogo mno kwa vidole vyenye baridi yabisi. Kila bao lije na komwe 70, sita zikiwa za akiba, kwani ikipotea moja mchezo mzima umeharibika, na kete ya kuazima ya kokoto huwa ndiyo ya kwanza kuteleza mkononi. Halafu komwe ni za kijivu. Ndani ya mbao iliyopakwa polishi nyeusi, mwenye mtoto wa jicho hazioni kabisa. Dawa yake ni rangi ya maziwa isiyong'aa ndani ya mashimo tu. Kopo moja dogo linatosha mabao kadhaa.

Kwa nini tunaling'ang'ania bao? Kwa sababu halina dadu wala kitu kilichofichwa. Kete zote ziko wazi, na aliyeshinda ameshinda kwa hesabu. Anayenamua anatia kete moja katika shimo lake lenye kete, linalokabiliana na shimo la mwenzake lenye kete. Anazila zile za mwenzake, anazisambaza moja moja kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete anaendelea, ikiangukia shimo tupu analala, yaani zamu yake imekwisha. Mchezaji mzuri hanyooshi mkono mpaka ameshaona atakapolala. Hapo ameshika idadi za mashimo kadhaa kichwani, anazibadilisha kila hatua, na bado anatazama mwenzake atajibu nini. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikuja Zanzibar kuwachunguza mabingwa wetu wanavyopiga hesabu hizo, na kwa kazi hiyo akapata shahada ya udaktari Leiden mwaka 1995. Wageni wamevuka bahari kujifunza kwa watu hawa, na sisi tunawaletea bao la kukunja.

Kwa mzee anayeanza kusahau, msianze na kunamua. Mpeni bao la kujifunza, kete mbili mbili katika mashimo yote 32, hakuna za mkononi. Likimzidi hilo pia, apange kete na azihesabu mpaka zitimie 64, apumzike, aendelee kesho. Wala msishangae asiyekumbuka alichokula asubuhi akikumbuka namna ya kumfungia mwenzake. Kilichozoewa na mikono miaka mingi mara nyingi hudumu kuliko habari za jana.

2. Michezo mingine imeletwa nusu nusu

Dhumna zilizokuja ni ndogo kama lozi. Kwa mzee, kete ya dhumna isipungue urefu wa sentimita 5, na nukta ziwe za kuchimbwa ili kidole kisaidie jicho. Seti ni kete 28, saba kwa kila mmoja wakikaa wanne. Kila namba imo katika kete saba, na hapo ndipo penye utamu: kete za sita zikiwa tano mezani na moja unayo mkononi, imebaki moja tu, na aliyepita kwenye sita si mwenye nayo. Ikipungua kete moja kwenye seti hesabu hiyo hufa, na dhumna inabaki kelele tupu.

Karata nazo ni za karatasi nyembamba. Masika moja tu, zinagandana. Zinatakiwa za plastiki, zenye namba kubwa, na shupaza na pau zisikaribiane sura, kwani jicho chovu huzichanganya kuliko linavyochanganya kopa na uru. Wahedi wa sitini ni mchezo mzuri mno kwa kumbukumbu: rea 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2, jumla 120 kwa aina zote nne za karata, na anayefika 61 ameshinda. Mzee anajumlisha kimya kimya huku anakumbuka karata gani kubwa imeshatoka. Hakuna daftari.

Keram, ule mchezo wa kusukuma vidonge kwa kidole, tuseme kwa ufupi. Mbao zake zimepinda kwa unyevu kwa sababu zimesimamishwa ukutani penye dirisha. Ukitaka kujua, weka gololi katikati. Ikiondoka yenyewe, ubao umekwisha. Zilazwe, zifunikwe, na poda iwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko.

3. Programu za simu si mbadala

Baadhi yenu mmetujibu kuwa kutaletwa vishikwambi vyenye michezo ya ubongo. Hatuna ugomvi na simu. Ila jueni mnachonunua. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuishitaki kwa kuwadanganya wateja kuhusu faida za michezo yake. Kabla ya hapo, mwaka 2002, yalichapishwa huko huko Marekani matokeo ya jaribio kubwa la wazee 2,832. Waliofunzwa kumbukumbu walipanda katika kumbukumbu, waliofunzwa kufikiri kwa mpangilio walipanda katika hilo, na waliofunzwa wepesi wa kutazama walipanda katika wepesi. Mafunzo ya huku hayakuvuka kwenda kule. Anayegusa picha kwenye kioo anakuwa hodari wa kugusa picha kwenye kioo. Na ikiwa maelekezo yote ni ya Kiingereza, mzee wa Konde anafikia hapo?

Upande wa michezo ya ubaoni nao tuseme kweli bila chumvi. Utafiti wa New York uliochapishwa 2003, uliofuatilia watu 469 waliopindukia miaka 75, uliona kusoma, michezo ya ubaoni, kupiga ala na kucheza dansi vikiendana na hatari ndogo ya dimensia. Wa Ufaransa wa 2013, wa watu 3,675 kwa miaka 20, uliona wachezaji wa michezo ya ubaoni na karata wana hatari ndogo kwa asilimia 15. Huo ni uhusiano. Huenda pia akili inayoanza kuchoka ndiyo humfanya mtu aache mchezo mapema. Kwa hiyo hatuuzi bao kama dawa, na atakayewaambia linatibu maradhi ya kusahau mfungieni mlango. Tunachosema ni kwamba mchezo wa watu wawili waliokaa pamoja unampa mzee hesabu, mazungumzo, utani na sababu ya kuvaa kanzu na kutoka nyumbani, vyote kwa wakati mmoja. Kishikwambi hakimwambii mtu "leo umechelewa, ulikuwa unaogopa?"

4. Baraza zinapotea

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na baraza za mawe zinazofuata kuta za nyumba ni sehemu ya ujenzi uliousifisha. Hata hivyo, kila tengenezo likipita, baraza moja inageuka ngazi ya duka, nyingine inapandwa maua ya chungu ili watu wasikae. Pale Jaws Corner bado kahawa inamiminwa na dhumna zinagongwa, alhamdulillah, lakini mzee wa mtaa wa ndani hawezi kutembea mpaka huko kila siku. Ng'ambo na vijijini hali ni ngumu zaidi: kinachotumika ni gogo chini ya mwembe, na mvua ikinyesha mchezo umekwisha.

Baraza ya mzee iwe na kimo cha sentimita 45, ili magoti yasimpige vita anapoinuka, na iwe na pahala pa kuegemea mgongo. Meza ya bao iwe na kimo cha sentimita 70 na nafasi ya kuingiza kiti cha magurudumu. Kivuli, taa nyeupe isiyopiga machoni, na choo kisichozidi hatua thelathini. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kila mara, na ndicho kinachowafanya wazee waondoke saa kumi na moja wakati mchezo ndio kwanza umekolea.

5. Bi wakubwa hawamo kabisa

Orodha zote tulizoziona ni za wanaume. Barazani mama zetu hawakai, na hatuwataki mwalazimishe. Wapeni saa zao, ndani ya ua wa skuli au ukumbi wa shehia, baada ya Alasiri, wakiwa na mikeka yao na ukili wao. Wengi wanajua karata kuliko waume zao, wanaficha tu.

Kwa wasioona, vitendawili vinatosha na havigharimu hata senti. Mmoja anasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anadai mji, na lazima atajiwe mji atakaoridhika nao kabla hajafichua. Mwangalizi mjanja anaweka sharti: mji usirudiwe. Wete ikishatajwa imekwenda, Chake imekwenda, Mkoani imekwenda. Sasa wanakwenda kuchimba Kojani, Makangale, Wambaa. Ni zoezi la kumbukumbu ambalo hakuna aliyekaa akaliita zoezi.

6. Masikio, macho na presha havipimwi

Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya dimensia duniani. Yamo uziwi, uoni hafifu, presha, kisukari na upweke. Mzee asiyesikia hachezi; anaona aibu kuuliza "umesemaje?" mara ya tatu, kisha haji tena, na watu wanasema akili imemruka kumbe masikio yana nta. Siku wazee wanapokusanyika kwa ajili ya pensheni ni nafasi iliyo tayari. Muuguzi mmoja, kipimo cha presha, bango la herufi za kupimia macho, na mtu wa kutazama masikio.

Waheshimiwa, visingizio tunavijua, kwa hiyo tuvimalize hapa hapa.

Mtasema hakuna fungu. Bao moja ni ubao mmoja wa mfenesi na siku chache za seremala, na komwe ziko vichakani kando ya pwani. Fedha ya kishikwambi kimoja ingechonga mabao ya shehia.

Mtasema karata na dhumna zinaleta kamari. Hofu hiyo tunaiheshimu, na tunaishiriki. Wekeni sharti la maandishi ukutani: hakuna dau, hata la kikombe cha kahawa. Adhana ikilia kete zinaachwa zilipo, na hakuna atakayezigusa mpaka watu warudi kutoka msikitini. Tumeona sharti hili likifuatwa bila askari.

Mtasema kelele. Dhumna isiyogongwa si dhumna, hilo tukubali. Basi meza itandikwe kipande cha mpira wa tairi na isiwekwe chini ya dirisha la wodi.

Na mtasema wazee wenyewe hawaji. Hawaji kwa sababu mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, kwa saa za karani. Mzee wa Kizanzibari hucheza baada ya Alasiri mpaka Magharibi, na Ramadhani hucheza baada ya tarawehe. Mwangalizi akipewa zamu ya jioni na posho yake, watu watajaa. Wapangwe kwa uwezo, si kwa umri. Akishindwa mtu mara kumi mfululizo na bingwa mmoja, ya kumi na moja haji, na hapo msimlaumu. Dakika 45 hadi saa moja, mara tatu kwa wiki, zinatosha kwa asiyezoea. Waliozoea hamtaweza kuwaondoa.

Tunaloomba ni hili. Makabati yafunguliwe na funguo akabidhiwe mwangalizi wa jioni, si mtunza ghala. Mabao ya kukunja yarudishwe, na mapya yachongwe hapa hapa kwa vipimo tulivyovitaja, na mchezaji ayakague kabla ya malipo. Kila shehia iwe na angalau pahala pamoja penye kivuli, taa na choo, na kibali chochote cha ukarabati Mji Mkongwe kiseme waziwazi baraza itabaki. Saa za bi wakubwa ziandikwe katika ratiba. Vipimo vya macho, masikio na presha vianze na malipo yajayo ya pensheni, hata kama ni kwa wilaya moja ya Unguja na moja ya Pemba.

Jawabu tunaliomba kwa maandishi ndani ya siku 30. Atakayetaka kukagua vipimo kwa macho yake, aje jioni yoyote baada ya Alasiri. Ubao upo, kete zimehesabiwa, na upande wa pili pana nafasi ya kukaa.

Wenu katika kuwatumikia wazee,

Wacheza bao, maseremala na waangalizi wa wazee,
Unguja na Pemba.